Matope Hayamsubiri Mgeni Rasmi

Niliweka bonge la tope juu ya meza ya mtendaji wa kijiji, katikati ya makaratasi yake. Nilikuwa nimelichota shambani kwangu asubuhi ile, na tayari lilikuwa na ufa wa kupitisha kidole. Mwanangu yuko mgongoni, analia. Ilikuwa mara ya nne nafika pale kuomba mbegu za mahindi walizotuletea watu wa kanisa baada ya kimbunga, na mara ya nne naambiwa zimo stoo, zimefungiwa, zinamsubiri mgeni rasmi aje azigawe huku akipigwa picha.

"Dada, kuna utaratibu," mtendaji akasema, akivuta daftari lake lisichafuke. "Mgeni kasogeza tarehe tu. Kwa sasa si ukapande mchicha?"

Mchicha! Hapo subira yangu ikakatika. Sitaandika niliyomwambia, maana mama yangu mzazi atasoma hapa. Nilitoka nikakaa kwenye msingi wa ofisi kumnyonyesha mtoto, na palepale nikakumbuka maji ya utotoni mwangu.

Kama hukukulia bondeni Rufiji, nikueleze jambo moja. Maji yakituvamia tunalia, lakini yakirudi mtoni tunakimbilia shamba. Yanaacha tope jeusi, laini, limeshiba. Ukipanda lingali bichi, mahindi yanakua hata mvua isiponyesha tena. Ukichelewa likapasuka, basi, ngoja mwakani. Bibi yangu alikuwa akisema, "Maji ni mgeni, yakiondoka yasindikize na jembe."

Mwaka ule nilikuwa darasa la pili. Mto ulipanda ukaingia mpaka jikoni, kuku wakahamia juu ya paa. Tulikimbilia juu, barabarani, kwenye kanisa dogo la mabati. Wakristo wenyewe walikuwa wachache, wengi watu wa kuja: mwalimu, nesi, fundi cherehani, na familia chache zilizolima huko juu, upande wa Mtawanya. Walitoa mabenchi nje, wakatandika mikeka, wakatundika khanga kwenye kamba, wanawake huku, wanaume kule. Mpaka leo nikinusa mkeka ulioloa nasikia mvua ikipiga lile bati, na kwaya ikifanya mazoezi barazani kwa sababu ndani tumejaa sisi. Mwalimu wetu wa madrasa alitusomesha pembeni ya mimbari, na mbingu hazikuanguka.

Siku ya kwanza walikosea. Mke wa mchungaji alikuja na sufuria la wali na jingine la mchuzi wa mbuzi, harufu ya bizari ikatukalisha wima sisi watoto. Sahani zikajaa. Hakuna mkono ulionyooka. Watu waliokesha na njaa wakajifanya wameshiba. Bibi ndiye aliyeuliza.

"Mama mchungaji, mkono wako mtamu, harufu tu inatuua. Lakini mbuzi huyu kachinja nani?"

Mama wa watu akajishika kichwa. "Yesu wangu! Bibi, si mngesema mapema!"

"Tungesema saa ngapi? Nyie watu wa bara mnapakua kwanza, mnauliza baadaye."

Kanisa zima likacheka, naye akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo tulikula wali na maharage. Kesho yake kamba ya mbuzi alikabidhiwa mwalimu wa madrasa, achinje mwenyewe. Na tangu hapo yule mama hakuleta kitu kabla hajaketi mkekani kuuliza tunahitaji nini.

Alipomuuliza bibi, jibu lilikuwa moja: mbegu. Unga utatushibisha leo, bibi akasema, lakini maji yameanza kurudi. Basi zile familia za huko juu zikashusha mahindi yao wenyewe ya mbegu, yaliyoning'inia juu ya meko, meusi kwa moshi. Watoto wa madrasa na watoto wa shule ya Jumapili tukakaa duara moja kupukuchua. Punje za katikati ya gunzi ni za kupanda, za nchani ni za kukaanga tukatafuna. Aliyeiba ya katikati alifinywa sikio, na mfinyaji hakuuliza dini.

Siku ya kushuka bondeni walishuka nasi. Watu wazima walichoma mashimo kwa miti, sisi tukadondosha punje tatu tatu na kufukia kwa kidole gumba cha mguu. Mke wa mchungaji akazamisha kandambili moja, ikapotea kabisa.

"Iache," bibi akamwambia, "tutaivuna."

Hakukuwa na hotuba.

Bibi hayupo sasa, na yule mama alihama na mumewe zamani. Kanisa limejengwa la matofali, zuri, lina vioo. Safari hii pia walituuliza, tukasema mbegu, wakaleta mbegu. Lakini wakazishusha ofisini wakaenda zao. Kwa hiyo nilipotoka kwa mtendaji nilipitiliza moja kwa moja kwa mzee wa kanisa.

"Tuliambiwa msaada wote upitie ofisini, mwanangu," akanijibu. "Hatukutaka ugomvi."

"Shikamoo zako zote ziko palepale, baba, lakini ugomvi mmetuachia sisi."

Ofisi kuandika majina, sawa, waandike. Wapo wajanja wa kuchukua mara mbili. Ila kuandika orodha ya kijiji chetu hakumalizi hata asubuhi moja. Nilimwambia mzee kwamba kuleta ni nusu ya msaada, nusu nyingine ni kusimama pale mlangoni mpaka mwenye shida ashike mkononi. Zamani hilo halikuhitaji kusemwa. Nikamwambia pia kwamba naandika barua ya malalamiko wilayani. Akauliza, "Hiyo barua yako ina nafasi ya shahidi?"

Tuliipeleka wilayani kesho yake, ikagongwa muhuri masjala mbele ya macho yangu. Nakala ninayo:

*Kwa Mkurugenzi Mtendaji.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU MBEGU ZA WAATHIRIKA WA KIMBUNGA KUFUNGIWA STOO*

*Husika na somo hapo juu. Mimi ni mkulima na mama wa mtoto mmoja. Mbegu zilizotolewa na kanisa kwa ajili yetu zimefungiwa katika stoo ya kijiji zikimsubiri mgeni rasmi, ambaye ameahirisha zaidi ya mara moja. Mashamba yetu ya bondeni yana siku chache tu za unyevu.*

*Naomba uagize stoo ifunguliwe leo, majina yaandikwe wakati wa kugawa, na walioleta mbegu wawepo kushuhudia. Shahidi wangu, mzee wa kanisa, ametia saini hapa chini.*

*Endapo itaamuliwa mgeni asubiriwe na matope yakauke, naomba ofisi yako imwonyeshe yeye mwenyewe pa kupanda.*