Dua Isiyo na Nakala

Imesemwa, tena mbele yangu, kwenye tanga la marehemu mke wangu, kwamba nilipokuwa katibu tarafa upande wa Mtae niliwaamuru wanakijiji wambebe hadi hospitali. Aliyesema hayo hakuwapo. Hata kuzaliwa alikuwa bado. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Sasa tanga limekwisha, na jambo hili sharti liwekwe sawa.

Sikumwamuru mtu. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na juma lile lile nilikuwa nimewasomea watu wa bondeni agizo la kuhamia juu ukingoni, waache nyumba na migomba yao. Sikutazamia wema kutoka kwao. Mke wangu alishikwa na uchungu masika yakiwa yamekolea. Mkunga alimpapasa tumbo, akatoka nje akikausha mikono.

"Baba, mtoto amekingama. Mimi hapa sina langu tena. Mpeleke."

Gari la ofisi lilikuwa ng'ambo ya mahali ambapo mlima ulikuwa umeporomoka na kuikata barabara. Kabla sijabisha hodi kwa yeyote, wanaume walikuwa mlangoni na machela ya miti na blanketi. Wote walitoka bondeni. Mkubwa wao alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, Bwana Tarafa," akajibu. "Leo na wewe umehamishwa."

Wenzake wakacheka, wakainama, wakamnyanyua mke wangu.

Walipokezana mabega njia nzima bila kuambizana. Tulipofika penye maporomoko, tope lilikuwa bado likitembea, polepole, limebeba migomba mizima iliyosimama wima. Wakaitua machela. Hakuna aliyethubutu kuingia. Mke wangu alikuwa ameacha kulia, na kimya hicho kilinitisha kuliko kilio.

Mimi nilisomeshwa chuo cha Kurani tangu utoto, na dua za shida nilizijua kwa moyo. Siku ile haikunijia hata moja. Nilipiga magoti, nikainua mikono, na kilichonitoka ni lugha niliyokuwa nikiishi nayo mezani kila siku:

"Mwenyezi Mungu. Kuhusu mke wangu na mtoto aliye tumboni. Kwa heshima na taadhima naomba suala hili lishughulikiwe haraka iwezekanavyo. Ni mimi mtumishi wako mtiifu."

Kisha kutoka ndani ya blanketi ikaja sauti nyembamba:

"Mume wangu, na nakala apelekewe nani?"

"Mkuu wa wilaya!" akadakia mmoja wa wabebaji, na wote wakaangua kicheko, wengine mpaka wakajishika mbavu. Mimi nililia. Mzee wa kanisa aliacha kucheka kabla ya wenzake. Alinitazama kama mtu anavyomtazama jirani yake, akasema, "Amina." Akakunja suruali, akaingia topeni wa kwanza, akipima kina kwa fimbo. Wengine wakaiinua machela juu ya vichwa, wakamfuata. Walizama hadi mapajani. Hawakumwangusha.

Mama alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa hana pumzi. Niliomba wawili nikapewa mmoja, na sijapata kudai maelezo, ingawa nisiseme uongo: miaka mingi niliyatamani. Tuliporudi na maiti ile ndogo, watu wale wale ndio waliochimba kaburi, bondeni, kando ya migomba niliyowataka waiache. Hawakuniomba kitu, wala sikuwaagiza kitu.

Hiyo ndiyo habari ilivyokuwa, na anayetaka kuisimulia aisimulie hivyo.

Dua za chuoni zilinirudia zote baadaye. Sasa humwombea mke wangu kila baada ya sala ya alfajiri, kwa maneno yanayostahili. Lakini nikifika mwisho, kabla ya kuitikia amina, hunyamaza kidogo, nikimpa nafasi ya kuuliza.