Damu ya Mama

Juzi nesi alinitafuta mshipa hadi akaniomba radhi, nami nikamkumbuka mama.

Nilikuwa mtoto, enzi za mkoloni, tukiwa kwenye zahanati moja huko Rongai, mchana wa mvua, chumba kikinuka spiriti na makoti mabichi. Mama alikuwa na homa isiyoisha. Daktari mzungu aliukamata mkono wake bila hata salamu, akadunga, akakosa. Akadunga tena, akakosa. Mimi niliamini damu imejificha kusudi, kama watu wetu walivyojificha msituni wasikamatwe na wazungu, nikaiombea isipatikane.

"Wewe, wacha kusumbua!" daktari alimfokea mama.

Mama akauvuta mkono, akauficha ndani ya leso aliyojitanda. "Huu mkono una mwenyewe. Niombe kwanza."

Wagonjwa wote kwenye benchi wakageuka kutazama. Nilingoja tufukuzwe. Daktari aliiva uso, akatazama dirishani, mwishowe akasema, "Mama, naomba mkono yako."

Mama hakuharakisha. Alipounyoosha, damu ikaja mara moja.

Leo najua baridi hufinya mishipa, na leso iliupasha mkono joto. Lakini siku ile nilirudi nyumbani kichwa juu, nikimwambia kila tuliyekutana naye kwamba damu ya mama haitoki mpaka iombwe.