Vipande Visivyo na Miguu

Kwa miaka mingi kazi yangu mezani kwa baba ilikuwa kumtajia rangi. Baba alikuwa fundi wa redio, na kibanda chake kilikuwa kwenye mteremko wa kwenda soko la Kadutu, mahali ambapo mvua ikinyesha matope huingia kabla ya mteja. Kila redio iliyokufa aliichinja. Alitoa vipande vyote vilivyokuwa bado vizima, akavitupa ndani ya kopo moja la maziwa ya unga. Alipohitaji kimoja, alilimwaga kopo juu ya meza na kuchambua kwa kidole kama mtu anayechagua maharagwe, huku akisoma mistari ya rangi kwenye rezistansi, vile vijiti vidogo vya kupunguza nguvu ya umeme: brun, noir, rouge, yaani kahawia, nyeusi, nyekundu. Kifaransa chake chote kilikuwa hicho, rangi kumi, na alikitamka vizuri kuliko padri wetu.

Halafu macho yakaanza kumchanganyia brun na rouge. Aliinua kipande kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza mimi binti yake kana kwamba ananipa mtihani.

“Hii ni rouge ao brun, maman?”

“Njo brun, Papa.”

“Njo vile.”

Tukaendelea na kazi. Nilijua, naye alijua kwamba ninajua, na hatukumwambia mtu. Huo ndio upole tuliokuwa nao mimi na baba, na nauandika mapema kwa sababu huko mbele haupo tena.

Niseme pia kwamba hakunifundisha. Aliwafundisha kaka zangu wawili. Mmoja alikwenda kuchimba dhahabu Shabunda, mwingine hakuwa na subira hata ya kufunga skrubu. Mimi niliiba ufundi nikifagia chini ya meza. Siku aliponipa chuma cha kuchomelea, alinipa kwa sababu mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka. Hakuwa ameniona mimi. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa ampli ya korali, mashine ya kukuza sauti ya kwaya yetu. Aliiunda mwenyewe kwa matumbo ya redio zilizokufa, ndani ya sanduku la mbao, na kila Jumapili kanisani alikaa kando yake kwenye kiti karibu na nguzo ya kushoto, amevaa koti, mkono mmoja juu ya kitufe cha sauti na kitambaa cha kufutia vumbi mfukoni. Kibandani baba alikuwa mtu wa kuomba radhi kwa wateja ambao redio zao zilimngoja tangu mwaka jana. Kwenye kile kiti hakumwomba mtu radhi.

Kwaresima moja paa la kanisa lilivuja juu ya ile ampli, na kutu ikala miguu ya vipande vyote vya upande wa mikro, kile kipaza sauti cha waimbaji. Ampli ikanyamaza. Prezida wa korali, kijana mwenye viatu vizuri, alikuja mpaka kibandani.

“Papa, tutangoja mpaka Pasaka. Kama haitaimba, tutaleta ya Chine. Ile haiombake mutu wa kuichunga.”

Baba aliitikia kwa kichwa. Wote wawili tulielewa kwamba ampli ikienda, kiti nacho kitakwenda.

Rezistansi nilizipata ndani ya kopo. Zilizokosekana ni transista tatu za kukuza sauti na kondensa ndogo nne za kuhifadhi chaji ya umeme. Nikazunguka maduka yote mpaka Nyawera. Muuzaji wa mwisho, mzee aliyemfahamu baba, alinionea huruma.

“Ya miguu ilishaisha, maman. Sasa yote njo hizi.” Akanipa ubao wa dekoda ya televisheni iliyokufa, akasema nibebe tu.

Asiyevijua vipande hivyo afikirie chawa waliolala juu ya ubao. Havina miguu ya kupitisha kwenye tundu, wala mistari ya rangi. Rezistansi zake zina tarakimu, na anayeona 100 akadhani ni mia anaunguza kitu, kwa maana tarakimu ya mwisho hutaja tu idadi ya sifuri za kuongeza, na hiyo ni kumi. Transista zina herufi mbili tatu zisizofanana na jina lake la zamani. Nilizitafuta kwenye simu, nimesimama barabarani ambako mtandao unashika. Ya kwanza niliiunguza kwa kudhani mpangilio wa ncha zake ni ule wa zamani. Kondensa ndizo mbaya kabisa: hazina kitu kilichoandikwa. Zote zina rangi ile ile ya udongo. Ukiitoa kondensa mahali pake usipoipima na kuandika hapo hapo, umeipoteza ukiwa umeishika mkononi.

Mwalimu mmoja wa shule ya ufundi aliniazima kipimo chake kwa mchana mmoja, kabla hajapanda kijijini kwao Lwiro kwa sikukuu. Nilitoa kondensa kumi na moja, nikazipima, nikazibandika kwa skochi, ule utepe wa gundi, kwenye karatasi ya daftari, kila moja na namba yake chini. Transista nilizichomelea juu ya vijipande vya ubao nilivyokata kwa wembe, nikazipa miguu ya waya mwembamba ili ziingie kwenye matundu ya zamani.

Baba alinitazama siku nzima. Mwishowe akasema, “Kitu haina miguu, itasimama namna gani?” Akachukua lupu, ile lenzi ya kukuzia, akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akairudisha lupu mahali pake.

Alhamisi Kuu nilitoka kutafuta waya. Niliporudi meza ilikuwa safi. Karatasi yangu ilikuwa imekunjwa vizuri pembeni, tupu, na skochi imeviringwa kuwa kigololi. Baba alikuwa amekaa wima kama mtoto anayengoja sifa.

“Nimekupangia meza. Ilikuwa fujo.”

Alikuwa amefanya kama alivyofanya maisha yake yote. Kipande kizima kinaingia kwenye kopo; ukikihitaji, unamwaga na kusoma. Kondensa zangu kumi na moja zilikuwa humo, zisizosomeka na mtu yeyote duniani.

Ulimi hauna mfupa. Palikuwa na mama mmoja akingojea redio yake, na sikumjali. “Macho yako ilishakufa, Papa. Miaka yote miye njo nakusomea rangi. Usiguse tena kitu ya hapa.”

Yule mama akaangalia chini. Baba alitoa rezistansi moja ndani ya kopo, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha kwa mazoea, akakumbuka, akaishusha. Kisha akatoka, akishika ukingo wa mlango.

Sitajitetea kwamba nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimengoja nafasi ya kumwambia. Hasira ile haikuwa ya kondensa. Ilikuwa ya kaka zangu, ya ufagio, ya miaka ambayo mkono wangu ulimtengenezea redio na sifa zikabaki kwake. Nilimpiga pale pale nilipojua patamuuma, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyepajua.

Ijumaa Kuu nilipanda Lwiro na ule ubao wa dekoda. Barabarani watu walikuwa kwenye Njia ya Msalaba, nasi tuliokuwa ndani ya gari tukangoja wapite. Nilimkuta mwalimu kwa mama yake, nikatoa kondensa nyingine, nikazipima juu ya jamvi la kuanikia maharagwe. Jumamosi saa sita mchana, kibandani, ampli iliimba. Nilisema kwenye mikro, moja, mbili, tatu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Baba alikuwa uani, hatua chache kutoka mlangoni. Hakuingia.

Siku ya Pasaka niliibeba mwenyewe, nikaiweka karibu na nguzo, nikafungua mikro ili kuhakikisha haingurumi. Baba alikuja na koti lake, akakaa benchi la nyuma, kati ya watu wasioimba. Prezida wa korali akamwona, akamwita kwa heshima aje kwenye kiti chake. Nilishukuru moyoni. Nilidhani mambo yatakwisha hivyo, kama yanavyokwisha nyumbani kwetu, bila mtu kusema kitu.

Baba akasimama. Akaja mbele akigusa ncha za mabenchi moja baada ya nyingine, na kanisa zima likimtazama. Alipofika akatoa kitambaa chake mfukoni, akaniwekea mkononi. Kisha akamgeukia prezida. Mikro ilikuwa kati yao.

“Kiti iko ya huyu. Miye macho yangu ilishakufa. Yeye mwenyewe alisema.”

Alisema polepole, kama mtu anayetoa taarifa tu, lakini kila neno lilifika mpaka mlangoni na nje kwa wale waliosimama uani. Hata pumzi yake ilisikika. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri ile ampli.

Nilikaa, kwa kuwa korali ilikuwa inangoja. Mpaka leo ndimi ninayekaa pale, na watu husema nimerithi mikono ya baba.

Aliishi miaka mitatu zaidi. Tulikula meza moja, tulisalimiana, hakunikemea hata mara moja, na kibandani hakukanyaga tena. Jumapili moja nilikuwa nimekaa kando yake akijiandaa kwenda misa. Akavaa soksi moja nyekundu na nyingine ya kahawia, akizipapasa kwanza kwa vidole, moja moja. Hakuniuliza. Nami sikumwambia.