Mayai ya Shakwe

Mwezi uliopita nilikwenda tena kwenye kile kisiwa kinachoonekana kutoka kijijini kwetu Kigombe, safari hii kama mgeni, tiketi mkononi. Nilipokanyaga mchanga nikapokewa na harufu ya kinyesi cha ndege na mwani unaokauka, na zile kelele za shakwe zinazokuzuia usisikie anachosema mwenzako. Nikasimama. Dada anayetembeza wageni akadhani nimechoka. Sikuchoka, ndugu yangu, nilimkumbuka bibi.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Kila bamvua, maji yanapotoka mbali, jirani yetu aliwapakia wanawake na watoto kwenye mashua yake, tukaokote kome na kusaka pweza mwambani. Kisiwa kilikuwa tayari ni hifadhi. Mwambani tuliruhusiwa, upande wa vichaka, shakwe wanakotaga juu ya mchanga mtupu, ilikuwa marufuku. Bibi alibeba kapu la ukindu, ndani yake muhogo wa kuchemsha, chupa ya chai ya tangawizi na kanga ya kuswalia.

Msimu ule mlinzi wa kisiwa akatuambia mayai ya ndege yanapotea. Alisema huku akitutazama mmoja mmoja, na jicho lake likatua kwa bibi.

"Bi mkubwa, fungua kapu."

Bibi akafungua. Hamkuwa na yai. Lakini maneno yalishafika kijijini kabla yetu. Kisimani wanawake wakawa wananyamaza tukitokea.

Nami, naona haya kusema, nikaanza kumchunguza. Bibi alisifika kwa mkate wa mayai. Kila Ijumaa nyumba ilinukia iliki mpaka barabarani. Tulikuwa na kuku wawili, mmoja ametamia na mwingine mzee. Sasa mayai ya mkate yalitoka wapi? Nikatafuta maganda jalalani, sikuyaona, na kutoyaona kukanitia shaka zaidi. Kwa nini ayafiche? Mwalimu alipotueleza darasani kwamba shakwe hutaga yai moja au mawili tu, nilihisi ananitazama mimi. Ijumaa ile niliukataa mkate, nikasema tumbo linauma.

Bamvua iliyofuata, bibi aliniachia kapu akaenda nyuma ya mawe kutawadha. Akakawia. Nikatazama vichakani, nikatazama kapu. Nikatoa chupa, nikatoa muhogo, nikakunjua kanga, nikapapasa mpaka chini. Kome tupu. Nilipoinua kichwa bibi alikuwa amesimama mbele yangu, maji yakimchuruzika mikononi.

"Ulikuwa watafuta nini?"

Nikarudisha muhogo kapuni. Akaichukua kanga, akaikung'uta mchanga, akaswali.

Kesho yake alinishika mkono hadi kwa jirani yetu Mlutheri, mama ambaye mumewe alifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda lililojaa kuku. Bibi akampa pweza, yule mama akampa trei la mayai, wakaulizana hali za watoto kama walivyozoea.

"Maganda namrudishia," bibi alisema tulipotoka, bila kunitazama. "Awasagia kuku wake."

Haikupita muda mlinzi akawakuta kunguru wakidonoa mayai asubuhi mapema. Hakumwomba bibi radhi. Wala mimi sikumwomba.

Tuliporudi kisiwani mlinzi alitupungia mkono tu, tupite. Bibi akakaa mchangani, akanisogezea kapu.

"Tazama kabisa, mjukuu wangu, roho yako itulie."

Hakuwa akinikejeli. Alisema kwa upole, na akafanya vile kila safari mpaka nilipokwenda sekondari Tanga mjini.

Mwezi uliopita yule dada anayetembeza wageni alituonyesha mawimbi yanavyokimega kisiwa, akasema shakwe wanaotaga wamepungua. Mwambani sikuona mwanamke hata mmoja. Jirani wa kuku alihama zamani, na banda lake sasa ni uwanja wa magari.

Bibi nilimuuguza mwenyewe. Tulizungumza mengi, ila kila nilipokaribia habari ya kapu nilibadilisha mazungumzo. Baada ya arobaini yake, shangazi alinipa ufunguo wa sanduku la nguo zake, akaniambia, "Fungua wewe, ndiwe aliyekupenda kuliko wote." Nikamrudishia ufunguo, nikamwomba afungue mtu mwingine.