Chandarua cha Miche ya Kahawa

Kwetu, juu kwenye mteremko wa Meru, mbu ni wachache na usiku tunajifunika mablanketi mazito. Kwa hiyo dada yangu alipopata mimba akapewa kliniki chandarua chenye dawa ya mbu, mama alikitandaza juu ya kitalu cha kahawa. Miche michanga haipendi jua kali. Kilikaa huko kiangazi chote, na hakuna aliyeona ajabu, maana hata majirani walifanya hivyo.

Tumbo lilikuwa limeshaonekana vizuri wakati shangazi yetu, anayelima mpunga kule bondeni Magugu, alipoumia mguu. Dada akataka kwenda kumwona. Mama akaniambia nimsindikize, akakivua chandarua kitaluni, akakifua kwa sabuni ya unga, akatukabidhi.

Magugu kuna joto, na maji yamesimama kila upande. Kimoyomoyo nilifurahi. Nilitaka kumwona mbu vizuri.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Hebu nione mlichobeba.” Akakiinua kwenye mwanga, akapitisha vidole kwenye tundu. “Hiki ni cha kulalia au cha kuchujia pombe ya mbege?”

“Kilikuwa kwenye miche,” dada akasema.

“Watu wa mlimani!” akacheka, kana kwamba yeye hakuzaliwa huko. “Kwani kahawa inaugua malaria?”

Kisha akalitazama tumbo la dada, akaacha kucheka. “Jua limemaliza dawa yote hapa. Utalala na mimi kwenye changu. Tutabanana watatu, ukimhesabu na huyo wa tumboni.”

Mimi nikaachiwa kile cha miche. Nikaomba sindano, nikashona matundu kabla jua halijazama, nikavaa shati la mikono mirefu. Nilipojilaza, mbu mmoja akatua kwenye wavu, mkia juu, kichwa chini, kama anayechungulia dirishani. Nikasogeza kidole. Naye akasogea. Nikakirudisha haraka.

Asubuhi nilikuta mbu wamekufa sakafuni, kuzunguka kitanda cha shangazi. Chini ya changu hapakuwa na hata mmoja. Nilichuchumaa pale muda mrefu.

Tuliporudi nilimsimulia mama. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alimshika dada paji la uso hata kabla ya salamu. Homa haikuja. Siku moja nilipokwenda kumwagilia kitalu, nilikuta miche imejengewa kivuli cha majani ya migomba.