Kioo Chekundu cha Saa Kumi

Kwa miaka tisa Mageni wa Didia hakuwahi kumwambia mkwewe Maduhu neno ana kwa ana. Ndiyo heshima ya Wasukuma: mkwe na mkwewe hupishana njia, na wakilazimika kusemezana, maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo jioni ile ya Julai 1935, alipoingia uani kwa Maduhu hapo Tinde akiwa na vumbi hadi magotini, alikaa akaupa mgongo mlango, akasema na binti yake.

"Limi, mwambie mwenye nyumba hii kwamba saa yake imeninyang'anya pamba."

Limi hakuwa na haja ya kurudia. Mumewe alikuwa hatua nne nyuma yake, amesikia.

Saa hiyo ilikuwa ya kwanza kwa Maduhu kuunda. Riziki yake ilikuwa bati: koroboi, faneli, ndoo zilizotoboka. Aliyemtia katika kazi ya saa ni Pantaleo, karani wa mizani katika banda la kununulia pamba, rafiki yake tangu walipochunga ng'ombe pamoja. Pantaleo alipelekwa misheni akasoma, Maduhu akabaki na mifugo, lakini urafiki haukukatika. Siku moja karani alimletea saa ya mezani iliyokufa, akamwambia akiifufua wataitundika bandani, watu waache kugombana naye kila jioni kuhusu wakati wa kufunga mizani.

Maduhu hakujua saa. Aliifungulia juu ya ngozi ya mbuzi ili skrubu zisipotee, akazipanga moja moja kwa jinsi zilivyotoka. Kosa lake la kwanza lilikuwa la mfugaji: alilainisha meno ya magurudumu kwa samli. Saa ikaenda vizuri mchana kutwa, lakini kila alfajiri baridi iligandisha samli, ikasimama; jua likipanda, ikaendelea kana kwamba haikulala. Limi alisema saa hiyo ina uvivu wa mjomba wake. Mzee Maulidi, fundi cherehani, alipoelezwa alicheka hadi akakohoa, kisha akampa mafuta ya cherehani ndani ya kizibo.

Uso wa saa aliukata katika bati la debe, mpana kama ungo. Kwa kuwa wakulima wengi hawakujua kusoma tarakimu, alitoboa matundu kumi na mawili akayaziba kwa vigae vya chupa, vya kijani na vya kahawia, na nyuma akaweka koroboi ili ving'ae ndani ya banda lenye giza. Ulimbo aliogundishia uliyeyuka kwa joto, vigae vikadondoka usiku kucha kimoja kimoja. Akarudia, safari hii akivibana kwa vikucha vya bati. Mishale ya bati ilikuwa mizito, ikaning'inia chini kama mikia. Akachonga mingine kwa ubua wa mtama. Tundu la kumi alilipa kigae chekundu kilichotoka katika taa ya reli iliyovunjika stesheni ya Shinyanga. Kisha kwa mwezi mzima aliilinganisha saa na kivuli cha kijiti alichokisimika uani, kikiwa kimezungukwa na kokoto za alama.

Siku ya kuitundika, watu walijaa. Maduhu alisimama mbele yao akawaambia kwamba mshale mfupi ukifika kwenye chekundu, mizani imefungwa. Usipofika, wasikubali kuambiwa imefungwa. Aliapa kwa jina lake na la baba yake.

"Mwambie aliapa mimi nikiwapo," Mageni aliendelea, uso wake ukiwa bado umeelekea uzioni. Alikuwa amefika bandani na mzigo kichwani akakuta mshale umelala kwenye chekundu. Aliyechelewa alikuwa na njia mbili: kurudi na pamba yake, au kumuuzia Masele, mlanguzi aliyeweka mizani yake nyuma ya banda, kwa nusu ya bei. Mageni alimuuzia Masele. Ila kabla ya kuondoka alipima kivuli chake kwa nyayo, akapata nane. Saa kumi, msimu ule, ni nyayo kumi na tatu.

Maduhu alijibu kupitia kwa Limi kwamba huenda saa inakimbia, ataitazama.

"Muulize mbona haikimbii asubuhi, tunapongoja mizani ifunguliwe."

Kesho yake Maduhu alichukua kijiti cha urefu uleule na kamba yenye mafundo ya kupimia, akaketi kando ya foleni kama mtu aliyekuja kuuza. Asubuhi yote saa na kivuli vilikwenda pamoja. Baada ya saa saba Pantaleo alitokea na chupa ya mafuta ya taa, akaenda nyuma ya saa kuongeza koroboi, kama afanyavyo kila siku. Alipotoka, mshale mfupi ulikuwa umevuka kigae kizima. Kimlango cha nyuma Maduhu alikikata mwenyewe, kwa ajili ya hiyo koroboi.

Alimfuata ndani. Pantaleo hakushtuka, alimkaribisha kwenye gunia.

"Umesogeza mshale, na usiku unaurudisha," Maduhu alisema.

"Punguza sauti. Masele ana fungu letu. La kwako ningekuletea msimu ukiisha."

"Pale mbele niliwaapia watu, Pantaleo."

"Ndiyo maana wanaamini. Nikiwaambia mimi tumefunga, wananitukana. Saa yako ikiwaambia, wanaondoka kimya."

Maduhu alitoka akawaeleza waliokuwa kwenye foleni kila kitu, akiwaonyesha kijiti na kamba. Walimsikiliza hadi mwisho. Kisha mzee mmoja aliyekalia mzigo wake akamuuliza kwa upole: "Fundi, ulituambia tusiamini neno la karani, tuamini la saa. Leo tusiamini la saa, tuamini lako?" Watu wakacheka. Mwingine alitaka kujua yeye na karani wamedhulumiana kiasi gani hata wakakosana.

Habari zilipomfikia mwenye banda, saa ilishushwa. Kabla ya mvua Pantaleo alipata ukarani kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, akaondoka bila kuaga. Hapo Tinde, aliyechelewa msibani au kwenye chakula huambiwa kwamba amepigwa na saa ya Maduhu. Pantaleo hatajwi.

Saa ilirudi kwa mwenyewe. Maduhu aling'oa mishale yake, akaitundika saa ukutani, na jioni huwasha koroboi yake ili watoto watazame rangi.

Msimu uliofuata Mageni alipita na mzigo wake, njiani kwenda kwenye mizani. Bila kugeuka alimwambia Limi amuulize mwenye nyumba ni saa ngapi. Maduhu alikuwa amesimama chini ya saa. Alitoka nje, akainama kwenye kijiti, akahesabu kokoto, akamwambia Limi ni saa nane.

Mageni alingoja binti yake amfikishie jibu. Kisha aliutua mzigo, akasogea juani, akaanza kupima kivuli chake mwenyewe kwa nyayo.