Mguu Uliozima Kompyuta

Mimi ni fundi cherehani. Miaka ishirini na miwili sasa, mguu wangu wa kulia haujui kukaa bure. Nikikaa tu kitini, unatafuta pedeli wenyewe.

Chuo cha ufundi cha mtaani kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ushonaji. Nani zaidi yangu? Nusu ya mafundi wa hapa nimewafundisha mimi! Lakini cheti sina, shule niliacha nikiwa na miaka kumi na minne. Nikajiandikisha masomo ya watu wazima, bibi mwenye wajukuu wawili. Kumbe mtihani wenyewe unaandikwa kwenye kompyuta! Mimi hata kuiwasha sijui.

Nikamkimbilia wifi yangu, dada wa mume wangu, karani wa siku nyingi.

"Wifi, nichapie mazoezi yangu, nami nitakushonea gauni."

"Sikuchapii hata neno moja. Kwani siku ya mtihani nitakukalia mapajani?"

Nilimnunia siku tatu. Ya nne nikarudi, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akawa ananifundisha ofisini kwake kila mchana, saa ya mapumziko, kidole kimoja, herufi moja. Wiki ya tatu nikaandika ukurasa mzima. Nikanogewa, na mguu nao ukanogewa, ukakanyaga swichi ya umeme chini ya meza. Kioo cheusi tii! Ukurasa wote ukapotea.

"Ewe Bi Pedeli!" Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikalia, tena kilio cha kweli. Alipoona hivyo akavuta kiti karibu.

"Wifi, ukimaliza mshono, kabla hujakata uzi unafanyaje?"

"Napiga fundo."

"Basi na hapa, kila ukimaliza aya, piga fundo." Akanionyesha vitufe viwili vya kusevu. "Na huo mguu ukunje chini ya kiti."

Siku ya mtihani niliukunja mpaka ukafa ganzi. Tukiwa katikati, umeme ukakatika. Darasa zima yowe! Dereva mstaafu aliyekaa kando yangu alishika kichwa. Uliporudi, yeye alianza upya, maskini, na hakumaliza. Kazi yangu ilikuwepo yote, imepungua sentensi moja tu. Niliiandika tena, nikapiga fundo.

Nikafaulu. Barua ya kuomba kazi nikaichapa mwenyewe, nikampelekea wifi. Akavaa miwani, akaisoma mara mbili akitafuta kosa kwa hamu yote. Hakuliona.

"Ungenichapia siku ile, leo nisingeweza kuichapa hii," nikamwambia. "Asante kwa kuninyima, wifi yangu. Mungu akuweke."

Akavua miwani, akaifuta, akakawia kuivaa tena.

"Nenda kaipeleke, Mwalimu."

"Kazi yenyewe bado hawajanipa."

"Watakupa. We angalia tu unapokanyaga."

Wamenipa, na huu ni muhula wangu wa pili. Gauni lake nimemaliza jana mbele ya wanafunzi wangu, na kila mshono nimeupiga fundo mara mbili.